Musifute Pemba Mbele ya Kuuliza

Bamama wenzangu, vakansi imefika na batoto banaanza kusema "tutoke, tutoke". Kama muko na mupango wa kubapeleka pahali pa zamani, kule kwenye bankambo, babu zetu, baliacha kuta na majivu yabo, musome hii mbele ya kupakia chakula. Sibakatazi kuenda. Mi mwenyewe nitarudia kule. Lakini nilifanya kosa moja na hii mikono yangu, nikizani niko nachunga mutoto yangu, na ilibakia kidogo nimupoteze.

Mutoto yetu iko mumoja tu, jina yake Bénie, miaka kumi na mbili. Mwezi wa saba matokeo ya mutihani wa mwisho wa primaire ikatoka, akapata asilimia makumi saba na nane. Baba yake, Paulin, iko fundi wa motokari mu garaji moja karibu na kwetu Bel-Air, hapa Lubumbashi. Aliingia mu nyumba na ile karatasi, mikono ingali na mafuta, akaiweka pa meza pole-pole kama muntu anaweka sahani ya kioo.

"Bénie," anasema, "uchague pahali. Siku moja. Popote penye motokari inafika na kurudi mbele ya jua kulala."

Mi nikajibu mbele mutoto afungue kinywa. "Zoo."

"Mama, zoo nilienda na mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Ile simba karibu inijue jina."

"Na iko muzuri vile. Simba iko mu kifungo, mamba iko mu kifungo, kila muntu iko pahali pake."

Paulin akasema basi Kipopo, tukakule samaki pembeni ya mayi. Nikamuuliza nani alifundisha mutoto kuogelea. Akaanza kupanguza mikono na kitambaa.

Bénie akaenda mu chumba, akarudi na kaye yake ya masomo. Ndani alikuwa amechora kitu kama chungu kikubwa chenye kutoboka pembeni. "Nachagua hii," anasema. "Ni matanuru. Mwalimu Myriam alitufundisha. Ku njia ya Likasi kuko mugini unaitwa Kamalenge, na nyuma yake kuko matanuru ya bankambo benye kuyeyusha mukuba, ile shaba, mbele ya reli, mbele ya Bazungu, mbele ya kila kitu. Na kuta ya kwabo ingali, magofu kabisa. Balikuwa natengeneza ile misalaba ya mukuba yenye ilikuwa franga yabo. Hapa hapa kwetu, mama, hapana ku Misri."

 Nilisimama nikaenda kuangalia sombe, majani ya mihogo, ku mbabula ya makala, na sombe haikuwa na shida yoyote.

Mutaelewa juu ya nini. Penye bankambo baliyeyusha mukuba, mukuba ungali. Na penye mukuba ungali, kuko bachimbaji, na penye bachimbaji kuko mashimo. Ndugu yangu Stanislas, mwenye kunifuata mu tumbo ya mama, alishuka mu shimo asubui moja ya kiangazi, pahali sitaki kutaja, na udongo ukajifunga juu yake. Balitoa batatu. Yeye hakuwa kati yabo. Tulizika shati yake na viatu vyake mu sanduku, na mama yangu akauliza padri kama Mungu anajua kutofautisha muntu na nguo yake. Sasa ni miaka ine. Tangu pale, mi naogopa hata shimo ya kupanda mugomba. Siku balichimba barabara yetu juu ya bomba ya mayi, nilikuwa nazungusha Bénie avenue tatu nzima kwenda ku masomo, na banafunzi wenzake banamucheka.

Paulin alinifuata ku mbabula. "Mama Bénie," anasema na sauti ya chini, "ule mutoto unamuchunga kama yai. Yai nayo siku moja inapasuka."

"Inapasuka inakuwa omeleti," nikamujibu.

"Ao inakuwa kuku," Bénie akasema nyuma yetu. Alikuwa anasikiliza pa mulango.

Baba yake akacheka, na mi nikacheka kidogo, na njo hapo nilishindwa. Nikaweka sharti moja: mukono yake itakuwa mu mukono yangu tangu kushuka motokari mpaka kupanda.

"Mama, niko na miaka kumi na mbili."

"Ndiyo. Na mi nataka ufike kumi na tatu."

Sasa musikilize vile kosa ilianza, juu haikuanzia kule Kamalenge. Ilianzia ku ukuta wa nyumba yetu.

Jirani yangu anaitwa Victorine. Bazazi bake balitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa, anauza bitambaa mu centre-ville. Ni muntu muzuri. Wakati niligonjwa malaria, yeye njo alipikia Bénie juma nzima. Lakini hakuna kitu Victorine hajui, na kitu hajui anakisema na sauti kubwa zaidi. Siku ya tano asubui alitokeza kichwa ku ukuta.

"Mama Bénie, nasikia muko naenda kutembelea bafu, benye balishakufa."

"Tunaenda kuangalia matanuru."

"Ni kitu kimoja. Mi nakuambia juu nakupenda. Mudogo wangu alienda pahali kama pale. Balimupaka pemba pa paji ya uso. Unajua pemba ni nini?"

Nilijua. Ni ule udongo mweupe. Nkambo yangu kule Manono alikuwa anaupaka bamama benye kuzaa, na hakuna mwenye aliogopa. Lakini sikusema ile. Nikasema, "Ni nini?"

"Ni kuandikisha muntu. Bakimupaka mutoto, jina yake inabakia kule. Mwili unarudi Lubumbashi, jina inabakia. Sasa mudogo wangu mpaka leo hajaolewa."

"Mudogo wako hajaolewa juu ya mudomo," nikamuambia.

"Ucheke tu. Uende na kitambaa na mayi ya baraka."

Nilicheka mbele yake. Nyuma ya kuingia mu nyumba, nikatafuta kitambaa kisafi, nikakikunja, nikakiweka mu mukoba pamoja na kachupa ka mayi ya baraka ya Pasaka.

Kesho yake, Jumamosi, siku ya posho, tukatoka mapema. Munajua baridi ya mwezi wa saba: Bénie alivaa robe yake ya bluu na juu yake sweta ya baba yake, mikono ilikuwa inamufika ku magoti. Nilipakia mikate, mayai ya kuchemsha, samaki ya kukaanga, na chupa mbili ya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi. Motokari ilikuwa ya ndugu mukubwa wa Paulin, na radiatere yake ilikuwa inavuja, basi tulikuwa tunasimama kila mara kuipatia mayi. Ku njia ya Likasi malori ya migodi ilikuwa imejipanga mustari mpaka macho inachoka. Bénie alikuwa anaandika namba zao mu kaye, sijui juu ya nini. Nyuma ya barrière ya malipo tukakata ku njia ya udongo, vumbi nyekundu, majani yote imeungua. Saa ine tukafika Kamalenge.

Kulikuwa kibanda cha nyasi, na ndani yake mwanamuke wa umri wangu, amevaa kikwembe na maillot ya mupira, iko nauzisha munkoyo mu basani. Akatuangalia tangu chini mpaka juu.

"Karibuni, bantu ya Lubumbashi."

"Ulijuaje?" Paulin akauliza.

"Muntu mwenye kuvaa viatu nyeupe ku vumbi hii, ao anatoka Lubumbashi ao anaenda ku arusi. Na hapa leo hakuna arusi."

Viatu ilikuwa yangu. Ule mwanamuke jina yake Mwaba, mutoto wa dada ya chef wa mugini, na yeye njo anapeleka bageni ku matanuru. Akachukua kasahani, akalowesha udongo mweupe na mayi, akachovya kidole gumba. Alipaka Paulin pa paji ya uso, mustari mumoja mufupi. Akapaka Bénie, na Bénie akafunga macho akatabasamu kama anapakwa majivu ya Kwarezima. Akanipaka mi. Kidole yake ilikuwa baridi.

"Musiifute mpaka murudie hapa," Mwaba akasema.

Mu roho nikajibu: aa, njo hii. Victorine alisema kweli. Kama haikuwa kitu, juu ya nini atukataze kuifuta?

Bamama, neno ilikuwa pa ulimi. "Juu ya nini?" Ni maneno matatu. Mutoto ya miaka mitatu anaisema mara makumi tano kwa siku. Mi niliimeza.

Derevere mumoja wa lori akafika kutaka munkoyo, Mwaba akatuambia tumungojee kidogo amuuzishie, kiisha atatuongoza. Paulin akafungua kapo ya motokari kuangalia radiatere yake. Nikashika Bénie mukono, nikamupeleka nyuma ya choo ya majani, nikatoa kitambaa, nikakilowesha na mayi ya baraka.

"Mama, alisema tusifute."

"Yeye alisema. Mi njo nilikuzaa. Leta uso."

Nikamufuta mpaka ngozi ikang'aa, na Salamu Maria juu yake. Niliona haya mu macho yake, haya juu yangu. Akaniomba aende pa kichuguu kimoja, hatua kumi tu, aangalie juu mwalimu Myriam alisema matanuru inajengwa na udongo wa kichuguu. Nilikuwa nataka kujifuta mi pia, na muntu hawezi kujifuta na mukono mumoja huku anaangalia uso yake mu kioo ya telefone. Nikaachilia mukono yake.

Ile pemba ilikuwa inanata. Nilisugua, nikaangalia, nikasugua tena. Wakati nilinyanyua macho, pa kichuguu hapakuwa muntu.

Nikaita. Nikazunguka kichuguu. Nyuma yake njia ndogo ilikuwa inaingia mu miti, na nilienda nayo mbio, kiisha nikaogopa nikarudi mbio ku kibanda. Paulin alikuwa na kichwa ndani ya motokari. Mwaba alikuwa anarudishia derevere chenji.

"Mutoto," nasema. "Mutoto simuoni."

"Hawezi kupotea," Mwaba akasema, hakuwa na haraka. "Ku njia panda kuko Fils, atamuelekeza ku matanuru. Iko na pem..." Akasimama. Alikuwa anaangalia paji yangu ya uso. "Pemba yako iko wapi?"

"Nilifuta."

"Na ya mutoto?"

Kitambaa kilikuwa kingali mu mukono yangu. Mwaba akaachilia kikombe mu basani, akakunja kikwembe juu ya magoti, akaanza kukimbia. Paulin na mi nyuma yake.

Alinieleza vile tulikuwa tunakimbia, maneno moja-moja na pumzi katikati. Mbele kidogo njia inagawanyika. Ya kushoto inaenda ku matanuru. Ya kuume inaenda ku mashimo ya bachimbaji. Mwaka mwenye kupita mugeni mumoja alijipitia kuume na kuvunjika muguu, basi chef na bachimbaji bakasikilizana: kila mugeni anapakwa pemba pa kibanda, na pa njia panda kunakaa muntu. Mwenye kuwa na pemba anapelekwa kushoto, hata akilia, hata akitaka kulipa. Mwenye hana pemba ni muntu wa mashimo, anapita kwenda ku kazi yake. Na batoto? Batoto benye kuokota na kusafisha mawe ya mukuba banapita siku muzima.

Njo vile tu. Ile kitu nilifuta juu ya kuogopa bafu ilikuwa alama ya kuchunga bazima.

Fils alikuwa muntu munene, mwenye ndevu ya kijivu, anakalia kiti kidogo mpaka kiti hakionekani, na radio pa magoti. Mwaba akamuuliza kama aliona kabinti ka robe ya bluu.

"Alipita," anasema, na akanyoosha mukono kuume. "Hakuwa na pemba. Niliwaza iko mutoto wa Chancelvie, ule mama anapikia bachimbaji. Alinisalimia muzuri kabisa, 'bonjour papa, mulilala salama'. Mpaka nilishangaa. Batoto yetu ya huku hawanisalimiaki vile."

Nilimufundisha mi mwenyewe ile salamu. Muone.

Fils akaangalia uso yangu, radio ikaanguka, akasimama na kunipita.

Miti iliisha mara moja na ikabakia udongo mutupu, mwekundu na kijani, kilima ya udongo hapa na pale, na katikati yao mashimo. Ingine ilikuwa wazi. Ingine ilifunikwa na magunia na matawi juu mayi isiingie ao juu mwizi asiione. Kwa mbali bachimbaji balikuwa nacheka na kitu. Mi nilikuwa naona paka sanduku yenye shati ndani, kitu ingine hapana. Nilikuwa natembea, nilikuwa naita jina yake, na nikasikia sauti yake.

"Mama, simama."

Alikuwa pa jiwe, amekaa, mikono imekumbatia magoti ndani ya ile sweta, umbali kama wa ku nyumba yetu mpaka ku ya Victorine.

"Bénie, niko nakuya."

"Usikuye. Simama pale pale. Angalia ku miguu yako."

Nikaangalia. Kiatu yangu ilikuwa pa pembeni ya gunia, na gunia ilikuwa imezama katikati. Nikarudisha muguu. Kajiwe kamoja kakateleza chini ya gunia na kakaenda. Sikusikia mahali kalifika.

Fils akanishika bega, akanirudisha nyuma, akaniweka pembeni ya Paulin kama muntu anaweka muzigo. Kiisha akavua viatu, akachukua fimbo, akaenda kule, anagonga udongo mbele ya kila hatua. Alikuwa anamusemesha mutoto vile anaenda, anamuuliza mwaka gani ya masomo, jina ya mwalimu, na Bénie alikuwa anamujibu, "ndiyo papa", "hapana papa". Alimubeba pa mugongo. Vile balirudi, nilimushika mpaka alisema namuumiza.

"Juu ya nini ulikaa pale?" baba yake akamuuliza. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

"Nilifuata njia. Nikaona magunia, nikajua ni mashimo. Nikageuka na sikukumbuka tena nilipita wapi. Mama alikuwa anasemaka kama yonko Stanislas, ndugu yake, angesimama na kungojea wenzake, hangefunikwa na ile udongo. Basi nikakaa, nikangojea."

Miaka ine nilikuwa namuhadisia ile habari, na Paulin ananiambia niache, ninamutia mutoto bwoga. Bamama, mi sijui. Labda nilimuhadisia vibaya. Lakini alisikia pahali pa kusikia. Kufungia mutoto ndani haikumusaidia kitu kule. Kumuambia kweli ilimusaidia. Muichukue hii na ile ya pemba, muzipime wenyewe.

Tulirudi ku njia panda. Fils alivaa tena viatu yake, akakaa pa kiti, kiisha akamuambia Paulin, "Mi njo nilikosa. Ningemuuliza mutoto ya nani." Paulin akamuambia hapana, kosa haikuwa yake. Hakuniangalia wakati alisema vile, na nilimushukuru.

"Turudi ku nyumba," Paulin akasema.

Mi nilikuwa nimeisha kuweka mukoba pa bega. Hakuna kitu nilitaka mu dunia kupita ile: mutoto mu motokari, mulango imefungwa, Bel-Air.

Bénie hakulia. Alifuta pua na mukono wa sweta. "Hatujaona matanuru," anasema.

"Utaona siku ingine," baba yake akamujibu.

"Siku ingine mama hatakubali." Hakusema na hasira, alisema tu vile muntu anasema leo ni siku ya posho. "Na kama tunarudi sasa, kila mara bakisema Kamalenge nitaona paka magunia."

Paulin akageuka akaniangalia. Mwaba pia, na Fils na kiti yake. Mi njo nilikuwa na neno, juu mi njo nilikuwa na bwoga mingi kupita wote.

Nilifikiri vile nilifikiri mbele ya Stanislas kwenda ku shimo, hapana vile nafikiri tangu pale. Kama tunarudi, mutoto atakuwa muzima, ndiyo. Lakini atakuwa na miaka kumi na mbili maisha yake yote. Na nilikumbuka ile haya mu macho yake nyuma ya choo.

"Mama Mwaba," nikasema, "uko na pemba ingine?"

"Udongo iko mingi," Mwaba akajibu. "Njo akili inakuwaka na bei." Kiisha akanigusa mukono, juu aliona machozi yangu, na akaongeza, "Bote banafuta, ukweli nakuambia. Lakini banafutaka ku motokari, wakati banarudi. Wewe njo wa kwanza kufuta mbele ya kuanza safari."

Tukarudi ku kibanda. Mara hii nilimuuliza kila kitu mbele ya kidole yake kunigusa. Udongo inatoka wapi? Ku kijito nyuma ya nyumba ya chef. Ni ya mizimu? Bankambo balikuwa naipaka, ndiyo, juu ya kujua nani aliomba ruhusa ya kuingia. Leo pia ni ruhusa. Inabakiza jina ya muntu? Akaniangalia sana. "Jina inabakia mu kaye ya bageni, mama. Utaandika wewe mwenyewe, na namba ya telefone." Nikainamisha kichwa, akanipaka. Bénie akainamisha, akapakwa, na sikugusa kitambaa.

Njia ya kushoto ilikuwa fupi, tulifika hata pemba haijakauka. Mi nilizani nitaona kitu kirefu kama cheminée ya Gécamines, ile bomba ya moshi ya kiwanda ya mukuba. Ilikuwa bidogo. Miviringo ya udongo mugumu, mingine inafika pa magoti, mingine imebomoka inabakia paka alama chini kama sahani. Na nyuma yake kuta ya mawe, hakuna chokaa, jiwe juu ya jiwe, majani inaota katikati. Chini kote mabonge nyeusi yenye kung'aa, kama sukari yenye kuungua mu sufuria. Paulin alipiga magoti. Aliokota kipande cha bomba ya udongo, akaangalia ndani yake na jicho moja.

"Hii ilikuwa inaingiza hewa," anasema. "Ona, huku baliweka mivukuto, huku moto. Ona vile baliipindisha juu isirudishe moshi. Ule muntu alikuwa fundi." Aliongea nayo mpaka nilizani atatafuta ufunguo namba kumi na tatu ya garaji. Mwaba akamuonya airudishe pahali pake, na akairudisha kama mwanafunzi.

Bénie aliita. Ku ukuta wa tanuru moja, ndani, kulikuwa alama ya vidole, mistari mine yenye kushuka pamoja. Muntu aliupaka udongo ule wakati ungali mubichi na hakusawazisha. Bénie hakugusa, alinyoosha vidole vyake hewani karibu nayo, apime. Ilikuwa midogo kama ya kwake.

"Mama Mwaba, batoto nao balikuwa natumika hapa?"

"Hakuna mwenye anajua. Labda mutoto, labda mwanamuke wa mikono midogo. Wewe uko na macho, uandike."

Akaandika. Akapima urefu na lata, rula yake ya masomo, akachora, akauliza, akaandika tena. Sikumuona vile tangu azaliwe. Ku nyumba ni mutoto wa kunyamaza. Pale Mwaba alikuwa anatafuta pumzi ya kujibu.

Kiisha akaonesha mukono ku kilima nyuma, pahali ukuta mumoja ulikuwa unapanda mpaka juu. "Naweza kwenda kule pa mwisho? Peke yangu?"

Paulin akaniachia mi neno. Alingojea.

Nikageukia Mwaba. "Kule juu kuko mashimo?"

"Hapana. Kuko mawe na mijusi."

"Nani alipita kule mara ya mwisho?"

"Mi mwenyewe, leo asubui, kukata kuni."

"Akifika pa juu, tutamuona?"

"Utamuona mpaka ku meno."

"Nyuma ya kilima kuko nini?"

"Shamba ya mihogo ya yaya, ndugu yangu mukubwa. Mama, uko naniuliza kama polisi."

"Ndiyo," nikamuambia. "Nilichelewa kuanza."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikavulisha Bénie ile sweta ya baba yake juu isimuangushe, nikamuambia apite upande wa ukuta, akienda ageuke mara moja aniangalie. Akasema ndiyo mama. Na akaenda.

Bamama, hapa njo nataka kuwaonya na kuwapa moyo pamoja. Mukifika pahali pa bantu na bakawawekea kitu pa mwili, ao bakawakataza kitu, muulize juu ya nini, pale pale, hata kama munaona haya. Kama jibu haiko muzuri, murudi ku nyumba na roho nyeupe. Lakini musichukue jibu ya jirani mwenye hakufika kule. Victorine nilimusimulia yote, na yeye akauliza kama motokari ya mukubwa wa Paulin iko na nafasi ya bantu wane.

Bénie alipanda. Pa katikati aligeuka kuniangalia, pemba nyeupe pa paji ya uso, akaendelea.  Paulin alinishika mukono wangu, juu ulikuwa hauna cha kushika. Mutoto akafika pa mwisho wa ukuta, akasimama, akazunguka pole-pole kuangalia pande zote.

"Mama," akaita, "kuya uone. Unaona mpaka mbali."

Nikamupatia Paulin mukoba, nikaanza kupanda.